Kashata, mikeka na dagaa wa chumvi: kisa cha kijibwa cha Jambiani

Kijibwa chenyewe ni jike, anaitwa Kashata, alikuwa na wiki kumi hivi nilipoitwa kumtazama, maana kazi yangu ni kufunza mbwa. Nyumba iko Jambiani, Unguja, upande wa pwani, familia inakaa mbele na nyuma wana vyumba vichache vya wageni. Kwenye simu niliambiwa shida mbili, ya kwanza mbwa anakojoa ndani na kila akifunzwa hafunziki, ya pili hawajui wampe kitu gani cha kumtunza akifanya vizuri, maana kila mtu anasema lake, huyu anasema mpe mifupa, huyu anasema maziwa, yule anasema biskuti. Wao walizihesabu mbili. Mie nilipokwenda nikakaa nikatazama niliona ni shida moja, na sehemu kubwa ya shida hiyo imo kwenye kikopo cha dagaa kilichokaa juu ya dirisha la jiko.

Lkn kwanza nimalize suala la mbwa kwenye nyumba ya Waislamu, maana najua kuna ambae ndo kwanza anauliza hilo. Walikuwa wameibiwa, vitu vya wageni, na baba wa nyumba akaamua kuweka mbwa wa ulinzi. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kusaka ana ruhusa yake inajulikana, hata wasasi wetu wa shamba wanafuga toka enzi na enzi. Kinachobaki ni najisi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa, mkojo wake, vyote ni najisi nzito, paoshwe mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Kavu kwa kavu haihamishi kitu, majimaji ndo yanayohamisha. Sasa mtu wa nchi nyengine akisoma kijibwa kakojoa ukumbini anaona ni suala la harufu na dekio, basi. Kwa mama wa nyumba ile kila kikojo kimoja ni mkeka mzima wa ukindu kutolewa nje, kuoshwa mara saba, udongo, kuanikwa, na hiyo ilikuwa masika, mkeka hauanikiki, unakaa siku mbili unanuka maji na wakati huo kijibwa kishakwenda kwenye mkeka wa pili. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sina tena pa kusalia nyumba hii, msala naubeba kichwani kama nahama." Mie sioni haki kumwambia mtu wa hali hiyo eti avute subira, vijibwa ndo walivyo. Alikuwa anataka jambo lifanyike, na ana haki.

Nilichofanya kwanza ni kukaa barazani na kutomgusa mbwa. Watu wengi wakiitiwa mbwa wanaanza na amri, kaa, simama, njoo. Kukaa tu unatazama kunakupa zaidi ya hizo amri zote.

Kashata aliamka usingizini chini ya meza, akajinyoosha, akanusa sakafu. Ukumbi una taili, akapita juu ya taili bila kusimama, akazunguka mguu wa kiti, pua chini, akazunguka tena mzunguko mdogo zaidi, akafika kwenye ukingo wa mkeka, akaweka miguu yote minne juu ya ukindu ndo akachuchumaa. Mlango wa uani ulikuwa wazi hatua tatu kutoka hapo! Mvua ilishakatika. Yaani si kwamba alikosa njia ya kutoka, na si kwamba alishindwa kujizuia, alijizuia vizuri tu mpaka akafika pale anapopataka. Baadae akaenda kwenye kile kizulia cha makumbi cha mlangoni, akafanya vile vile.

Nikauliza kalelewa wapi kabla hajaja. Ikaja hadithi: alizaliwa kwenye stoo ya duka huko njia ya Makunduchi, sakafu ya saruji, mama yake kalazwa juu ya magunia, na watoto wote walikaa mle ndani mpaka siku ya kuchukuliwa. Hapo ndo fundo lenyewe. Kijibwa anapofika wiki saba, nane, tisa hivi, anaanza kukariri kwa nyayo zake choo ni kitu gani. Waliolelewa kwenye majani wanatafuta majani, wa kwenye mchanga wanatafuta mchanga, na huyu wetu alikariri gunia. Kitu chochote kilichosukwa, kina kukwaruza kidogo chini ya mguu na kinanyonya, kwake ndo choo. Mkeka, kizulia cha makumbi, siku moja hata kikapu cha ukindu kilicholala ubavu. Na mchanga mweupe wa Jambiani ambao umejaa mpaka mlangoni, ambao mtu angesema Mungu katupa choo cha mbwa bure, yeye haujui, alikuwa anatembea juu yake ananyanyua miguu, hasa ukiwa umerowa.

Halafu kuna jambo jengine la stoo. Watu wanasema mbwa hachafui pale anapolala, ni kweli kwa wengi, ndo msingi wa kumfungia kijibwa kwenye kisanduku kidogo usiku. Lkn aliekaa wiki nzima nzima ndani ya uchafu wake kwa kukosa pa kwenda ile haya yake imepungua. Kwa hivo walipojaribu kumlaza kwenye tenga la kuku, akakojoa humo humo akalala juu yake, wakaona huyu hana akili. Akili anayo, stoo ndo iliyomfunza hivo.

Sasa dagaa. Mtoto wao mkubwa, kijana anaesoma skuli ya sekondari, ndie aliekabidhiwa mbwa, na kusema kweli kijana alijitahidi, alisoma kuwa mbwa akikojoa nje mtunze. Kwa hivo akawa anamtoa Kashata uani, anasimama mlangoni anamtazama, mbwa anazunguka zunguka, wakati mwengine anakojoa wakati mwengine hakojoi, kisha kijana anamwita ndani, anafungua kikopo, anampa dagaa watatu wanne. Tazama mbwa anavyoliona jambo hilo. Yeye hajui kuwa dagaa ni malipo ya mkojo uliopita dakika moja nyuma, anachojua ni kuwa ukikimbia ndani haraka unapata dagaa. Ndo maana alikuwa anatoka, anagusa mchanga kwa ncha za miguu, anageuka mbio anarudi jikoni anakaa chini ya dirisha. Walidhani anaogopa mvua. Mvua alikuwa haipendi ndio, lkn hata siku kavu alirudi mbio vile vile. Halafu akishakula anakwenda kwenye bakuli la maji.

Na dagaa wetu hawa sote tunajua wanavyofanywa, wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kisha ndo wanaanikwa. Kwa mtu anaewaosha akawapika na nazi, chumvi hiyo si neno, ila kwa mnyama wa kilo nne anaekula wakavu mkono kwa mkono asubuhi mpaka jioni ni nyingi sana. Bakuli la maji la lita moja lilikuwa likijazwa alfajiri, adhuhuri halina kitu. Mbwa wa kawaida anakunywa kama mililita 50 au 60 kwa kila kilo kwa siku, kijibwa na joto letu hili ongeza, lkn huyu alikuwa amepita mbali. Ikawa mduara: anatoka hakojoi, anakimbilia dagaa, dagaa wanampa kiu, kiu inampeleka kwenye maji, maji yanampeleka mkekani. Zawadi ya kumfunza asikojoe ndani ndo ilikuwa inamkojoza ndani. Baba wa nyumba alicheka sana nilipomweleza, mama hakucheka.

Ufagio pia ulikuwemo. Mama akimkuta anampiga na ufagio wa chelewa, si kwa nguvu, lkn anampiga, na mara moja walimsugua pua kwenye mkojo maana mtu aliwaambia ndo dawa. Matokeo yake Kashata akaacha kukojoa mbele ya watu, akahamia nyuma ya kabati. Wakasema anaanza kushika, mpaka kabati liliposogezwa! Ukimpiga kijibwa kwa mkojo wa dakika tano zilizopita hajui anapigwa kwa nini, ukimpiga katikati ya mkojo anajifunza kuwa kukojoa mbele ya binadamu ni hatari, na hapo umejifungia mlango mwenyewe, maana hata ukimtoa nje na wewe umesimama naye atakubania mpaka umpe mgongo.

Kabla ya yote hayo kubadilishwa nilisema apelekwe kwa daktari wa mifugo mjini. Kijibwa anaekunywa sana na kukojoa sana unaweza ukamfunza mwaka mzima kumbe ana ugonjwa wa njia ya mkojo au figo au sukari. Alama za kutazama ni kukojoa matone matone mara kwa mara, kujikaza, damu, kujilamba sana kule nyuma. Hakuwa nazo, mkojo wake ulipimwa ukawa hauna ugonjwa, ila kinyesi kilikutwa na mayai ya minyoo, akapewa dawa na tarehe ya kurudia. Na baada ya siku chache bila dagaa unywaji wake ulishuka wenyewe. Maji hatukumnyima, nasisitiza, maana kuna wanaofikiri ukimnyima maji ndo umemaliza kazi. Kwa joto la Unguja kumnyima kijibwa maji ni kumuua.

Tukaja kwenye choo. Mikeka yote ilikunjwa ikawekwa juu, vizulia vyote, vikapu, ukumbi ukabaki taili tupu kwa muda. Mama alisema nyumba imekuwa kama skuli siku ya kufunga, lkn alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Uani chini ya paa la makuti, pembeni pale pasipoingia mvua, tukaweka mchanga wa kina cha kiganja, na juu yake tukalaza kipande cha gunia lililopangusiwa mkojo wake, lina harufu yake. Ndio, gunia. Kama gunia ndo choo chake basi mpe gunia, lkn nje. Kila akizoea, kijana anakata gunia linazidi kuwa dogo, na mchanga unazidi kuonekana, mpaka likabaki kipande cha kutosha kiganja, mpaka likawa halipo. Hii njia naipenda kuliko kugombana na mbwa. Kule kukata nako kusifanywe kwa pupa, wiki moja kijana alikata nusu nzima mara moja mbwa akarudi kutafuta mlango wa ukumbi, wakarudisha kipande kikubwa siku mbili wakaendelea.

Pahala hapo pa choo tulipachagua ndani ya ua kwa sababu nyengine, alikuwa hajamaliza chanjo. Maradhi ya parvo yanakaa udongoni miezi, na mbwa wa pwani wanapita njia zote za kijiji, kwa hivo huwezi kumtoa kijibwa wa wiki kumi ukampeleka akajisaidie pale wanapojisaidia mbwa koko. Mpaka chanjo zikamilike, ya kichaa cha mbwa nayo ikiwemo akifika miezi mitatu, choo kiwe ndani ya ukuta wako.

Ratiba ilitoka kwa mama mwenyewe na ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Mie nilikuwa nawaambia muda, atoke akiamka, atoke baada ya kula kwenye robo saa hivi, atoke akimaliza kucheza, atoke kabla ya kulala, na katikati asizidi masaa mawili matatu maana kijibwa wa umri ule hata akijitahidi kibofu hakimruhusu. Kijana ananitazama tu, nani atakumbuka yote hayo. Mama akasema, "Kwani adhana haitoshi? Kila ikiadhiniwa anatoka kwanza yeye, ndo sie tunakwenda kutawadha." Na kweli, alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, nyumba nzima inaamka na kusimama kwa saa hizo kila siku ya Mungu bila kukosa, hakuna kengele ya simu inayoshinda hiyo. Kasoro yake ni pengo la asubuhi, alfajiri mpaka adhuhuri ni masaa saba, kijibwa hawezi, kwa hivo hapo katikati tukaweka safari nyengine baada ya chai, baada ya wageni kumaliza kifungua kinywa, na kabla ya kijana kuondoka zamu ya mchana. Usiku mlinzi alikubali kumtoa mara moja, yeye yuko macho hata hivo.

Anatolewa na kamba, si kuachiwa. Mtu anasimama pale pale kwenye mchanga, hachezi naye, hamsemeshi, anangoja dakika kama tano. Akikojoa, zawadi palepale kabla hajanyanyua pua, sekunde moja mbili, si mlangoni wala si jikoni. Baada ya hapo ndo mchezo. Asipokojoa anarudi ndani lkn akiwa amefungwa kamba kwenye mguu wa kiti cha mtu anaemtazama, na baada ya robo saa wanatoka tena. Kosa la watu wengi ni hapo, hakukojoa nje, basi anaachiwa huru ndani, na kwa sababu bado anao anaumwaga.

Sasa zawadi anapewaje, maana kila unaposoma mafunzo ya mbwa unaambiwa mpe kwa mkono. Kijana akimpa kwa mkono analambwa, akilambwa anaosha mara saba na udongo, na adhana ndo hiyo inalia. Ndo sababu nyengine iliyokuwa inamfanya arudi ndani kwanza kumpa, amrushie karibu na bomba. Tukakubaliana zawadi isiguse mdomo wa mbwa na mkono wa mtu kwa pamoja, inadondoshwa kwenye mchanga mbele ya miguu yake. Ni bora pia kwa mafunzo! Mbwa anainamisha pua pale pale alipokojoa, hakimbilii mkono, harukii nguo, na vidole vya mtoto mdogo vinapona na vile vijino vya sindano. Mie siku hizi hata kwenye nyumba zisizo za Waislamu nafundisha hivo.

Zawadi yenyewe iwe nini? Nilitaka kitu kisicho na chumvi, kinachonukia, kinachokatika vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi, na kinachopatikana kijijini bila kumfanya mtu aende supamaketi ya mjini. Jambiani jibu liko wazi, samaki mbichi. Kipande cha samaki kimechemshwa kwa maji matupu, miiba imetolewa yote kwa vidole, kimechambuliwa, kinakaa kwenye friji na kinatolewa cha nusu siku tu kwa sababu ya joto. Siku za upepo mkali samaki akipanda bei, kifua cha kuku cha kuchemsha bila chumvi, au yai la kuchemsha, au boga la kuchemsha ambalo Kashata analipenda mpaka ajabu, au kiazi kitamu. Papai bila mbegu sawa, ndizi kidogo sawa, tikiti bila kokwa sawa. Muhogo wa kuchemsha kidogo hauna neno ila mbichi usimpe, una sumu yake. Na zote hizo kwa pamoja zisizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku, kinachobaki kiwe chakula chake kamili, milo mitatu kwa saa zile zile, maana tumbo lenye ratiba ndo linatoa choo chenye ratiba. Maziwa ya ng'ombe yaliyokuwa yakimharisha yaliachwa, kijibwa alieachishwa kunyonya wengi wao hawawezi maziwa hayo na kuharisha ndo adui mkubwa wa mafunzo ya choo.

Kuhusu vya kukataa, watu wanajua chokoleti, basi. Lkn nyumba ya Kizanzibari hatari yake iko kwenye sufuria letu wenyewe. Kitunguu na thomu, kibichi au kimepikwa, vinavunja chembe za damu za mbwa, na niambieni mchuzi gani hapa hauna hivo. Kwa hivo makombo ya mchuzi, pilau, biriani, urojo, yote nje. Zabibu, na hapa ndo palipotokea mambo.

Jirani walikuwa na hitima, ikaja sahani ya pilau imefunikwa, nzuri, na zabibu zake juu. Mtoto wa kike wa nyumba ile, mdogo bado, akaona zabibu ni tamu na Kashata kafanya vizuri leo, akamchagulia zabibu moja moja akawa anamdondoshea kwenye mchanga kama anavyoona kaka yake anavyofanya. Kaka akamkuta sahani haina zabibu. Walinipigia, nikauliza ngapi, hakuna ajuae, mtoto anasema "nyingi", mara anasema "kidogo". Kwa zabibu hakuna kiasi cha kusema hichi hakidhuru, mbwa mmoja anakula hapati kitu, mwengine figo zinasimama, na dalili zinaweza kuchelewa siku moja mbili wakati mbwa anaonekana mzima kabisa. Nikawaambia gari, sasa hivi, msingoje atapike. Wakamtoa Jambiani mpaka mjini, zaidi ya saa nzima njiani, na daktari akamtapisha, wali na zabibu zikatoka, akatundikiwa maji na figo zake zikapimwa zaidi ya mara moja siku zilizofuata. Zikawa salama. Bibi wa nyumba alikuwa ameshashika kijiko cha chumvi amnyweshe ili atapike, wakamzuia kwa simu. Kumtapisha mbwa kwa chumvi ni kumpa sumu ya pili, na maziwa hayazimui sumu yoyote humo.

Kinachoshukiwa kwenye zabibu ni asidi ya tatariki, na asidi hiyo hiyo imejaa kwenye ukwaju, na mbwa wameshaonekana kuumia figo kwa ukwaju. Nimelisema kwa sababu kwetu ukwaju uko kila pahala, kwenye chatini, kwenye juisi, kwenye kokwa zinazotupwa chini ya mti watoto wakimaliza kumumunya.

Mengine nayataja haraka. Mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha. Gunzi la mahindi ya kuchoma, mbwa analipenda kwa harufu, analimeza, linaziba utumbo, hiyo inaisha kwa kisu. Kokwa ya embe ndogo vile vile. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa na chumvi, ndo dagaa mara kumi. Kungumanga nzima iliyoanguka kwenye ua wa mwenye viungo, isilike. Na wageni! Wageni wanampenda kijibwa kuliko wenyewe, wanampa walichonacho mfukoni, na ubani wa kutafuna usio na sukari una utamu unaoitwa zailitoli, ambao kwa mbwa unaangusha sukari ya damu ndani ya nusu saa mpaka saa moja na unaweza kuua ini, kiasi kidogo mno. Siagi ya karanga za nje nayo isomwe kibandiko kwanza. Tulichofanya ni kuweka kijikopo cha boga na samaki kwenye meza ya kifungua kinywa, anaetaka kumpa achukue humo tu na adondoshe chini, na kibao cha maandishi. Kuwakataza kabisa wageni haiwezekani, nshajaribu kwengine.

Usafi wa ndani, kwa ufupi. Walikuwa wanatumia jiki, na taili zinang'aa lkn mbwa anarudi pale pale. Jiki haiondoi kile anachokinusa mbwa, na ukiimwaga juu ya mkojo mbichi inatoa moshi unaochoma pua na macho. Futa mkojo kwanza mpaka pakauke, osha kwa maji na sabuni ya unga ile yenye vimeng'enya, kisha siki iliyozimuliwa, acha pakauke. Siki na jiki zisikutane abadan, gesi yake ni mbaya zaidi. Hii ni kwa ajili ya pua ya mbwa, na ile ya mara saba na udongo ni ya kusalia, mama alifanya zote mbili, moja baada ya nyengine, na baada ya wiki chache hakuwa na cha kuosha sana. Mikeka miwili iliyokuwa imenyonya sana niliwashauri waiuze kwa mawazo, yaani waisahau. Mkojo ulioingia ndani ya msuko hautoki.

Pwani nayo inahusika. Watoto walikuwa wanamchukua maji yakitoka, anakunywa maji ya bahari kwenye vidimbwi, anarudi anaharisha, siku hiyo ratiba yote inaharibika. Anakwenda na maji yake ya kunywa sasa au haendi. Bunju, wale samaki wa sumu wanaojivimbisha, waliotupwa na wavuvi wasiguswe kabisa, kipande tu kinaua mbwa. Mwani uliokauka umejaa chumvi na unavimba tumboni, tena mama analima mwani na anauanika uani, kwa hivo ukazungushiwa wavu, pia kwa sababu nao ukilazwa kwenye turubai ya kusukwa Kashata aliutazama kwa jicho lile lile la gunia. Na kinyesi kinaokotwa siku hiyo hiyo, hilo sina mjadala, minyoo ya mbwa inaanguliwa kwenye mchanga wa moto wenye unyevu na inaingia kwenye ngozi ya mtoto anaetembea peku, unaiona imechora mstari chini ya unyayo.

Hali yake nilipomwacha: mchana hakojoi ndani, na alfajiri anasimama mlangoni mwenyewe adhana ikianza, jambo ambalo baba anawahadithia wageni wote kila asubuhi. Usiku bado mara moja moja, hasa mlinzi akisinzia. Mkeka mmoja ulirudishwa ukumbini kwa majaribio, akaunusa akapita, lkn niliwaambia usilazwe usiku mpaka afikishe miezi sita. Kilichobaki ni mgeni akishuka kwenye gari na kumwinamia kwa kelele, Kashata anajilaza na mkojo unamtoka. Hicho si choo, ni furaha na woga vimechanganyika, hakifunzwi kwa zawadi wala kwa ukali, kinapungua akikua, na kwa sasa wageni wanamsalimia nje kwenye mchanga, wamechuchumaa ubavu ubavu, bila kumkodolea macho. Kikiendelea akishakua, au akirudia kunywa bakuli zima kabla ya adhuhuri wakati dagaa hayupo nyumbani, anarudi kwa daktari kabla ya kurudi kwangu.